Kindi na Neno Lililopita Jamvi

Hapo zamani za kale, wanangu, kabla wakubwa hawajajifunza kusema "sijui", na wengine mpaka leo bado wanajifunza, wanyama walikuwa na nyumba na vyungu na majirani na ugomvi wa majirani, kama sisi hapa. Sogeeni. Hadithi hii ina kicheko ndani yake, lakini ikifika mwisho msinilaumu. Mimi sikuitunga iwe hivyo.

Wanyama hao walikuwa na desturi yao moja. Mnyama akigundua jambo jipya, labda jani la kutuliza tumbo, labda njia ya mkato ya kwenda malishoni, hakuruhusiwa kulitangaza mwenyewe. Kwanza alilipeleka neno lake kwa Korongo. Korongo alikuwa na miguu mirefu, shingo ndefu na subira ndefu, na ndani ya nyumba yake alitundika jamvi kubwa kutoka darini hadi chini. Akishalipokea neno, aliwaita wakaguzi, yaani wanyama wanaojua mambo ya namna hiyo, akawaeleza neno lenyewe bila kuwaambia ni la nani. Wao walikwenda kulijaribu kwa mikono yao. Wakirudi, waliingia kwa mlango wa uani, wakakaa nyuma ya jamvi wasionekane, wakasema: lipite, au lirekebishwe, au lirudi.

Kwa nini wasionekane? Ili Panya aweze kumwambia Simba "hapa umekosea" na kesho yake bado yuko hai. Na kwa nini mwenye neno asitajwe? Ili upuuzi wa Simba usipite kwa sababu ya meno yake. Aliyeitunga desturi ile alikuwa na akili, hilo namsifu. Lakini hakuna jamvi lisilo na tundu.

Neno likipita, Hondohondo, yule ndege wa mdomo mkubwa, alipanda juu ya mti mkavu pale uwanja wa chumvi, wanyama wote wanapokwenda kulamba chumvi, akalitangaza. Na likishatangazwa, hakuna aliyeuliza tena. Akina mama waliambiana tu:

"Limepita jamvi?"

"Limepita."

"Haya, bandika chungu."

Sasa mwaka mmoja mvua ilikataa kabisa. Majani yakawa makavu, matunda yakadondoka machanga, na watoto wakalala na matumbo yanayonguruma, nguru, nguru, nguru.

Kindi alikaa juu ya mti kando ya kijito. Alikuwa mdogo wa mwili, mkubwa wa mkia, na mdomo wake haukujua kupumzika. Chini ya mti ule alikaa Bi Paa na mwanawe wa pekee, binti mdogo aitwaye Kidawa. Kindi na Bi Paa hawakuwa ndugu wa damu, lakini walipeana moto na chumvi muda mrefu mpaka wakawa ndugu. Bi Paa alimwita kaka, na Kidawa alimwita mjomba.

Kila asubuhi Kidawa aliinua kichwa, akaita:

"Mjomba! Leo mnakula nini huko juu?"

"Upepo!"

"Niteremshie kidogo!"

Kindi alicheka, lakini kicheko kilimkwama. Mtoto alikuwa amekonda, mbavu zake zinahesabika. Kindi akasema moyoni, huyu akifa njaa na mimi nipo, mkia huu wote wa nini?

Akaanza kuchimba. Na alichokichimba kilikuwa ndiga.

Mnaijua ndiga? Ni kiazi cha porini, kina manyoya, ukikitafuna kama kilivyo kinakulevya, kinakuangusha, na pengine huamki tena. Wanyama wote waliijua kuwa ni sumu. Lakini Kindi alikuwa na kichwa kigumu. Akaimenya, akaikatakata, akaitia ndani ya kikapu, akakifunga kikapu kwenye mzizi wa mti ndani ya kijito. Kijito kilikuwa kimebaki chembamba, lakini bado kilitembea, chwa-chwa-chwa, juu ya vile vipande. Akaviacha humo siku kadhaa, mpaka vikaacha kutoa povu. Akavianika, akavipika, akaonja kipande kidogo. Akangoja. Hakuona kitu. Akaonja tena, akala bakuli zima, akashiba, akapanda mti na kuteremka, kichwa kiko palepale.

"Mjomba, kinanukia!" Kidawa akaita.

"Njoo, mwanangu. Njoo ule."

Kidawa alikula mpaka akalamba bakuli. Tangu siku hiyo mbavu zikaanza kujificha.

Kindi akamkimbilia mke wa Swala. "Shemeji, ndiga inalika! Nimeipata njia yake!"

"Limepita jamvi?"

"Bado, lakini mimi mwenyewe nimekula, tena—"

"Basi kaa nalo huko huko. Mimi nina watoto."

Mnaona? Hakuwa na makosa. Ndiyo desturi. Kwa hiyo Kindi akalipeleka neno lake kwa Korongo, akaanza kungoja.

Alingoja! Kila akipita kuuliza, Korongo alimjibu jibu lile lile: "Bado liko kwa wakaguzi." Wakati huo Mzee Tembo alikuwa mkaguzi, na Mzee Kiboko alikuwa mkaguzi, kwa sababu walikuwa na majina makubwa. Mzee Tembo alikuwa na neno lake juu ya magome ya miti, lililopita jamvi zamani sana, na tangu hapo hakuwa na jingine, ila hilo moja alilitaja hata kwenye harusi za watu. Mzee Kiboko alijulikana kwa kukaa.

Hatimaye Korongo akamwita Kindi.

"Majibu yako yamefika."

"Ehe! Limepita?"

"Kaa kwanza."

"Nikikaa litapita?"

"Kaa tu, Kindi." Korongo akasafisha koo, krrr, krrr. "Mkaguzi wa kwanza anasema: Lirudi. Mwenye neno hili hakutaja popote lile neno maarufu juu ya magome, lililotangazwa na mnyama mmoja mwenye heshima zake."

"Magome! Mimi nasema mizizi, yeye ananiambia magome! Mzee, huyo mkaguzi ana mkonga!"

"Mimi sikusema ana mkonga. Wa pili anasema: Lirudi. Ndiga ingekuwa chakula, ningekwisha kujua. Tena kinachochimbwa chini ni chakula cha watu wa chini."

"Huyo hajatoka dimbwini! Kila siku namwona palepale, masikio mawili na pua juu ya maji! Amejaribu saa ngapi?"

"Na wa tatu..." Korongo alikuwa amechoka. Jua lilikuwa kali na wenye maneno wengine walijipanga mlangoni. Akafupisha. "Wa tatu hakusema lirudi, hakusema lipite. Anauliza tu, ulilowekea maji gani?"

Kindi akaruka hata kichwa kikagonga dari. Ko!

"Maji gani? Maji ni maji! Wananichezea! Mmoja ananiletea magome, mmoja ananitukana, na huyu naye eti maji gani! Watoto wanakufa njaa, wao wanauliza maji gani!"

Akatoka, akaubamiza mlango. Pwaa!

Hapo, wanangu. Mngekuwepo pale mngemshika mkia. Alipewa matusi mawili na swali moja, na kwa sababu yaliingia mlango mmoja, akayatupa yote kwa pamoja. Mimi nikifika hapa kila mara natamani hadithi igeuke, na haigeuki.

Njiani akawa anasema peke yake. "Hawakulikataa neno. Wameukataa udogo. Wamenusa wakajua ni la mtu wa matawini. Wanataka jina kubwa, sivyo? Basi nitawapa jina kubwa mpaka wavimbiwe."

Baada ya siku chache akarudi kwa Korongo, mpole kama mgonjwa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kindi tena?"

"Ni lile lile neno langu, mzee. Naomba wakaguzi wengine."

"Wengine nitawatoa wapi? Wa mizizi wote wamekwisha."

"Si yupo Mzee Kifaru wa ng'ambo ya mlima? Yule bingwa wa mizizi, ambaye huko kwao hakuna chungu kinachobandikwa kabla hajaulizwa?"

Korongo hakumjua. Hajapata kumsikia hata siku moja. Lakini mtu mzima, mwenye jamvi lake, aseme hamjui bingwa anayejulikana na Kindi?

"Aaa, Kifaru!" akasema. "Nani asiyemjua Kifaru?"

"Na Bi Ngiri, mwanafunzi wake."

"Na Bi Ngiri! Naam, naam. Mama mwenye akili sana."

"Mimi nina mbio, mzee. Nikuchukulie mwito wako, usihangaike."

Desturi ilikataza mwenye neno kuwajua wakaguzi wake, seuze kuwachagua. Korongo alilijua hilo vizuri kuliko mtu yeyote. Akakohoa. Akatazama nje. Miguu ilimuuma, na mlima ulikuwa mbali.

"Utakuwa umenisaidia," akasema.

Kindi hakufika mlimani. Alikwenda jaani, akaokota kibuyu kikuukuu kilichovunjika shingo, akaazima mchi kwa jirani. Siku ya ukaguzi akaingia kwa mlango wa uani, akakaa nyuma ya jamvi, akaanza kutwanga sakafu. Ndi! Ndi! Ndi! Kisha akatia mdomo ndani ya kibuyu.

"VUUU! NANI MWENYE NYUMBA HII?"

Korongo akasimama kwa miguu yote miwili, jambo ambalo si desturi ya korongo.

"Ni mimi, mheshimiwa! Karibu! Ni Mzee Kifaru?"

"UNADHANI NI NANI? NIMETOKA MBALI, SINA MUDA!"

"Samahani, mheshimiwa. Lile neno la ndiga umelijaribu?"

"NIMEKULA SINIA ZIMA! LIPITE!"

"Huna hata swali, mheshimiwa?"

"SWALI? MIMI? UNAMJUA UNAYEMUULIZA?"

"La, la! Nimekosa! Limepita, mheshimiwa, safari njema!"

Ndi! Ndi! Ndi! Kifaru akaondoka. Punde ikasikika sauti nyingine, ya puani, kwa maana Kindi alikuwa amejibana pua kwa vidole.

"Hodi. Mimi ni Bi Ngiri. Neno ni zuri, lakini lina kasoro."

Korongo akafurahi. Huyu kweli amelipitia! "Kasoro gani, mama?"

"Amesema 'kata vipande'. Mimi nataka aseme 'kata vipande vyembamba'. Akirekebisha hilo, lipite."

"Umakini gani huu!" Korongo akasema. "Umakini gani!"

Chini ya jamvi ilichungulia ncha ya mkia, wenye manyoya mengi. Korongo akaiona. Akaitazama kitambo. Akajiambia, pengine ngiri wa ng'ambo ya mlima mikia yao iko hivyo. Akatazama pembeni mara ya pili.

Na lile swali la mkaguzi wa tatu? Lilisahaulika. Kifaru akishasema, nani atakumbuka swali?

Kindi alirudi kwa mlango wa mbele, kichwa chini, akaambiwa masahihisho yake. "Ahsante, mzee," akasema. "Nitatia hilo neno 'vyembamba'." Alipofika nje akajiviringisha mchangani kwa kicheko. Nafasi moja ya kurekebisha aliyopewa, naye aliitumia kwa upana wa kipande.

Hondohondo akapanda mti mkavu.

"Hoo! Hoo! Neno limepita jamvi! Ndiga ni chakula! Kata vipande vyembamba, loweka majini siku kadhaa, anika, pika, ule! Mabingwa wa ng'ambo wamelikagua! Hoo! Hoo!"

Uwanja mzima ukalia vigelegele. Mzee Tembo akatikisa masikio.

"Mimi nilisema tangu mwanzo," akasema, "ndiga ina mwelekeo mzuri. Ukiangalia sana, inatokana na lile neno langu la magome."

"Hata mimi," akasema Kiboko. "Ila niliwataka wairekebishe kidogo."

Kindi alikuwa juu ya tawi, anajiuma mkia asicheke.

Watu wakachimba! Kila nyumba ina jembe, kila nyumba ina kikapu. Lakini jua halikungoja jamvi la Korongo. Siku zile zote za "bado liko kwa wakaguzi" kijito kilikuwa kinakonda, na wakati Hondohondo anatangaza kilikuwa kimekatika. Hakikutembea tena. Vilibaki vidimbwi, kimoja hapa kimoja pale, vimetulia tuli. Kindi alikuwa bado anapika akiba aliyoianika kijito kikitembea, lakini watu wengine wakaloweka humo. Neno lilisema majini, na yale yalikuwa maji.

Tembo na Kiboko ndio waliotangulia kula, kwa kuwa wakubwa hutangulia. Wakajaza masinia. Punde Tembo akaanza kuyumba. Akaenda upande huu, akaenda upande ule, akakikumbatia kichuguu akakiita mke wangu. Kiboko akatoka dimbwini, jambo lisilopata kuonekana, akacheza ngoma isiyokuwepo, kisha akaanguka. Puuu! Miguu juu!

Wanyama wakacheka mpaka wakashika mbavu. Kindi akacheka kuliko wote. "Wamekoma!" akasema huko juu. "Magome, magome! Watu wa chini, watu wa chini! Leo nani yuko chini?"

Alikuwa bado anacheka alipomsikia Bi Paa.

Haikuwa sauti ya kuita. Ilikuwa sauti ile ambayo ukiisikia unaacha unachofanya. Kindi akateremka mti kwa kichwa, akaingia nyumbani kwa Bi Paa. Kidawa alilala juu ya mkeka, macho yamepinduka, miguu yake ile myembamba inarusharusha. Kando yake bakuli limelambwa, safi.

"Dada! Amekula nini?"

"Ndiga. Ndiga yako, kaka! Si ile ile anayokula kwako siku zote? Nilisema leo nisikusumbue, nitapika mwenyewe. Neno si limepita?"

Kindi akashika chungu, akakinusa. Na swali likamtoka mwenyewe, hakulitafuta.

"Dada, ulilowekea maji gani?"

Bi Paa akamtazama.

"Maji ya kidimbwini. Kwani kuna mengine? Neno halikusema maji gani."

Kindi akakaa chini pale pale.

Wakampa mtoto maji ya kunywa, wakamtapisha, wakampepea, wakamwita jina. "Kidawa! Kidawa, mwanangu!" Tembo na Kiboko kesho yake waliamka na maumivu ya kichwa, wakalalamika kutwa nzima. Mwili mkubwa hustahimili. Mwili wa Kidawa ulikuwa mdogo. Hakuamka.

Walikuwako na wengine katika nyumba nyingine waliougua vibaya, watoto wa Swala na mjukuu wa Sungura, lakini hao walipona. Kidawa hakupona. Watu husema majuto ni mjukuu. Kwa Kindi hayakungoja kuitwa mjukuu, yalikuja siku ile ile yakakaa kitako.

Baada ya maziko wanyama wakakusanyika uwanjani kwa Korongo. Tembo alitaka Kifaru aletwe ajibu. Hondohondo akaruka mpaka ng'ambo ya mlima, akarudi anahema.

"Kifaru yuko," akasema. "Lakini anasema hajapata kukaa nyuma ya jamvi la mtu. Anasema mizizi haijui kabisa, yeye ni mla miba. Na mwanafunzi hana."

"Ni nani basi aliyesema nyuma ya jamvi?" Tembo akanguruma.

Kindi angeweza kunyamaza. Hakuna aliyemwona. Lakini akatoka katikati ya uwanja, akaweka chini kibuyu kilichovunjika shingo, akatia mdomo wake ndani.

"Vuu," akasema, taratibu. "Nani mwenye nyumba hii."

Korongo akafumba macho.

"Akanyagwe!" Kiboko akapiga kelele. "Ametudhihaki wakubwa wake!"

"Mimi nilisema lirudi!" Tembo akasema. "Nilisema tangu mwanzo lirudi!"

"Ulisema lirudi," ikajibu sauti ndogo kutoka nyuma. "Ulilijaribu?"

Wakageuka. Alikuwa Bi Nungunungu, mama mpole asiyezoea mikutano, miiba yake imelala.

"Mimi nililijaribu," akasema Bi Nungunungu. "Desturi inakataza mkaguzi kujitaja, lakini leo desturi inisamehe. Mimi ndiye wa tatu. Nilichimba ndiga, nikailoweka mtungini kwangu, nikaionja. Kichwa kikazunguka, nikalala na kizunguzungu mpaka jua likapanda. Lakini niliona neno ni la mtu mkweli. Kwa hiyo nikamwambia Korongo: mimi imenilevya, yeye haikumlevya, tofauti yetu iko wapi? Ulizeni, alilowekea maji gani?"

Kindi akamgeukia Korongo. "Hukuniambia kwamba alilewa."

"Nilifupisha," Korongo akasema. Shingo yake ndefu ilikuwa imepinda mpaka mdomo ukagusa mchanga. "Jua lilikuwa kali. Nilifupisha, Kindi. Na mkia wako niliuona."

"Na mimi," akasema Bi Nungunungu, "sikujua ni wewe. Ningejua, ningekuja nyumbani kwako, unionyeshe kijito chako na unavyoloweka. Nusu siku tu ingetosha. Lakini nilikaa nyuma ya jamvi, nikasema langu, nikaenda zangu kulala."

Kindi alisema, "Swali lako lilikuwa jibu langu, mama. Nilipewa mkononi, nikalitupa."

Wakamtazama Bi Paa, kwa maana hukumu ilikuwa yake. Alikuwa amekaa mbali kidogo, peke yake. Alisema bila kuinua sauti.

"Ulipompikia wewe, hakupata kitu. Ulimlisha vizuri, kaka. Nikilikumbuka hilo ndipo naumia zaidi. Mkimkanyaga Kindi, Kidawa hatarudi, na kuna watoto leo jioni watakaolishwa ndiga ya kidimbwini. Mwacheni aende akawaambie."

Hondohondo akapanda mti mkavu, akatangaza: "Hoo! Neno la ndiga limerudishwa! Maji yawe yanayotembea! Yaliyotuama msilowekee!" Lakini mnajua watu walivyo. Habari ya chakula ilikuwa imekwisha kukimbia nchi nzima, na habari ya kuirekebisha ikaifuata nyuma inachechemea. Wengi siku ile hawakuja uwanjani. Wengine walisikia wakasema, "Mbona lilipita jamvi?"

Kwa hiyo Kindi akaenda mwenyewe, nyumba kwa nyumba, mti kwa mti. Hakungoja kukaribishwa. Mvua ilirudi, njaa ikaisha, ndiga ikasahauliwa, yeye bado anakwenda. Na kila asubuhi, kabla hajaondoka, aliteremka kwanza mpaka chini ya mti, akasimama kidogo pale mlangoni kwa Bi Paa. Hakuna aliyeita kuuliza wanakula nini huko juu.

Mkipita porini, wanangu, mkamkuta Kindi juu ya tawi anapiga kelele, anatingisha mkia, haachi, haachi, msimrushie jiwe. Ameona mtu anachimba, naye anauliza: Maji gani? Maji gani? Maji gani?

Nami naiweka chini hapa, imeniuma mdomo, na neno lake ni hili: ukipewa matusi mawili na swali moja, tupa matusi, lakini swali lijibu.